Alphonse Laveran, daktari wa jeshi aliyemuona mdudu wa malaria ndani ya tone la damu

Kila asubuhi, kwenye vituo vya afya vya mji wa Bukavu, kutoka Kadutu hadi Panzi, kutoka Bagira hadi Nguba, watu wenye homa wanapanga mstari mbele ya mlango wa labo. Mtu wa labo anachoma kidole, anachukua tone la damu, analiweka juu ya kioo kidogo, kisha anainamia mikroskopi yake. Baada ya muda mgonjwa anapewa karatasi. Ikiwa juu yake kuna alama za msalaba, mmoja, miwili au mitatu, mama mwenye mtoto mgongoni anaelewa mara moja: ni malaria.

Kipimo hicho, ambacho wengi wanakiita GE, kimekuwa jambo la kawaida sana. Ni wachache wanaojiuliza nani alikuwa wa kwanza kutambua kwamba malaria ina mdudu wake, na kwamba mdudu huyo anaonekana ndani ya damu ya mtu aliye hai. Mtu huyo alikuwa Mfaransa, jina lake Alphonse Laveran. Alisomea udaktari akiwa amevaa nguo za jeshi, alitumika jeshini kwa zaidi ya miaka 30, na alifanya ugunduzi wake ndani ya hospitali ya askari, hapa hapa barani Afrika. Alikufa tarehe 18 mwezi wa 5 mwaka wa 1922. Zaidi ya miaka 100 imepita, lakini kazi yake ingali inafanyika kila siku katika Kivu ya Kusini.

Mtoto wa familia ya askari

Charles Louis Alphonse Laveran alizaliwa mjini Paris tarehe 18 mwezi wa 6 mwaka wa 1845. Baba yake, Louis Théodore Laveran, alikuwa daktari wa jeshi. Kwa upande wa mama, babu zake walikuwa wakubwa wa jeshi. Kwa hiyo ndani ya nyumba hiyo mambo mawili yalizungumzwa tangu asubuhi hadi jioni: jeshi na wagonjwa.

Alipokuwa bado mdogo, baba yake alitumwa kufanya kazi Algeria, nchi ambayo Ufaransa ilikuwa inaitawala kwa nguvu za silaha. Familia nzima ilimfuata huko. Mtoto Alphonse alikaa miaka kadhaa kaskazini mwa Afrika kabla ya kurudi Paris, wakati baba yake alipopewa kazi ya kufundisha kwenye Val-de-Grâce, hospitali kubwa na shule ya madaktari wa jeshi la Ufaransa.

Mwaka wa 1863, akiwa na miaka 18, kijana huyo alichagua njia ya baba yake. Aliingia katika shule ya afya ya jeshi iliyokuwa mjini Strasbourg. Shule hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka wa 1856, na ilikuwa na utaratibu wake. Wanafunzi walivaa nguo za jeshi na kufuata nidhamu ya jeshi, lakini masomo ya udaktari waliyasikiliza kwenye kitivo cha udaktari cha mji huo, pamoja na wanafunzi raia, na mitihani ilikuwa ileile. Serikali iliwasomesha, na wao waliahidi kulitumikia jeshi baadaye. Aliyemaliza alipelekwa Val-de-Grâce ili ajifunze mambo ambayo chuo cha raia hakifundishi: vidonda vya risasi, usafi wa kambi, na namna ya kuzuia magonjwa kati ya maelfu ya watu wanaolala pamoja.

Kwa familia isiyo na utajiri mkubwa, shule ya namna hiyo ilikuwa mlango mzuri. Lakini ilikuwa pia deni. Daktari wa jeshi hachagui hospitali yake, hachagui mji wake, na siku akiitwa kwenda vitani anakwenda. Laveran alikuja kuelewa jambo hilo mapema sana.

Alisoma kwa bidii. Mwaka wa 1866 alikubaliwa kufanya kazi ndani ya hospitali za raia za Strasbourg kama mwanafunzi wa ndani, na mwaka wa 1867 alitetea kitabu chake cha mwisho wa masomo, kilichohusu namna mishipa ya fahamu inavyoota tena baada ya kukatwa. Alikuwa na miaka 22, na tayari alikuwa daktari.

Vita vya 1870

Miaka mitatu baadaye, Ufaransa iliingia vitani na Prussia pamoja na majimbo mengine ya Kijerumani. Laveran alipelekwa mbele akiwa daktari kijana wa jeshi. Alikuwapo kwenye mapigano makali ya Gravelotte na Saint-Privat, mwezi wa 8 mwaka wa 1870. Kisha jeshi lake lilirudi nyuma na kufungiwa ndani ya mji wa Metz. Adui waliuzunguka mji kila upande. Chakula kikapungua, na magonjwa yakaingia kati ya askari waliosongamana. Tarehe 27 mwezi wa 10, Metz ilijisalimisha, na zaidi ya askari 170,000 wakawa wafungwa.

Madaktari waliachiwa kurudi kwao. Laveran alifanya kazi kwenye hospitali ya Lille, kisha ile ya Saint-Martin mjini Paris. Lakini shule iliyomlea haikuwapo tena: Strasbourg ilikuwa imechukuliwa na Ujerumani. Ufaransa ilingoja hadi mwaka wa 1888 ndipo ikafungua shule nyingine ya namna hiyo, mjini Lyon.

Vita hivyo viliwakumbusha madaktari wa jeshi jambo ambalo walilijua tangu zamani: ndani ya kambi, homa, kuhara na ndui vinaweza kuua kama risasi, au hata kuzidi risasi. Laveran akaelekeza akili yake huko. Mwaka wa 1874 alishinda mtihani wa ushindani na kupewa nafasi ya kufundisha magonjwa ya jeshi na magonjwa ya kuambukiza kwenye Val-de-Grâce, nafasi ambayo baba yake alikuwa ameishika kabla yake. Alikuwa na miaka 29. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kikubwa kuhusu magonjwa na maambukizi katika majeshi.

Nafasi hiyo ilikuwa ya muda. Mwaka wa 1878 muda wake uliisha, na jeshi likampa amri ya kwenda Algeria.

Hospitali zilizojaa homa

Alifika kwanza Bône, mji wa pwani ambao leo unaitwa Annaba. Vyumba vya wagonjwa vilikuwa vimejaa askari wenye homa. Mtu alitetemeka kwa baridi chini ya jua kali, kisha mwili ukawaka moto, kisha jasho likatoka jingi na akalala kama aliyepona. Baada ya siku moja au mbili, mambo yaleyale yakaanza upya. Wakaaji wa uwanda wa Ruzizi, wa Uvira na wa Fizi hawahitaji kuelezwa zaidi homa hiyo ni ya namna gani.

Wakati huo hakuna aliyejua chanzo chake. Jina lenyewe la malaria linatoka katika lugha ya Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Watu waliona kwamba homa hiyo inapatikana zaidi kandokando ya mabwawa, wakafikiri kwamba mvuke unaotoka kwenye maji yaliyooza ndio unaowaingia watu. Dawa ilikuwapo: tangu mwaka wa 1820, wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walikuwa wametoa kinini ndani ya maganda ya mti wa kinkina. Kinini ilisaidia, lakini daktari aliyeitoa hakujua inapigana na nini.

Kitu kimoja kilijulikana. Madaktari waliopasua maiti za watu waliokufa kwa malaria walikuta bandama, ini na hata ubongo vimekuwa vyeusi. Ndani yake kulikuwa na chembechembe nyeusi, ndogo sana. Zilitoka wapi? Je, zilikuwa alama ya malaria peke yake, ama zinapatikana katika magonjwa mengine pia? Laveran aliamua kufuata chembe hizo nyeusi kama mtu anayefuata nyayo. Alianza kwa maiti, kisha akajiuliza kwa nini asizitafute ndani ya damu ya wagonjwa ambao bado wako hai.

Uamuzi huo ulibadilisha kila kitu. Alichukua tone la damu kwenye kidole cha mgonjwa, akaliangalia papo hapo, bila kulikausha na bila kulipaka rangi. Vyombo vyake vilikuwa vya kawaida. Mikroskopi yake haikuwa na nguvu za zile za vyuo vikubwa vya Ulaya. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho maprofesa wengi wa Ulaya hawakuwa nacho: wagonjwa wengi wa malaria, kila siku, mbele ya macho yake.

Siku ya tarehe 6 mwezi wa 11

Mwaka wa 1880 alikuwa amehamishwa hospitali ya jeshi ya Constantine, mji ulio ndani zaidi, mbali na pwani. Tarehe 6 mwezi wa 11, alikuwa anaangalia damu ya askari mmoja mwenye homa. Kati ya chembe nyekundu za damu aliona vitu vya duara vyenye chembe nyeusi ndani. Hivyo alikuwa ameviona siku zilizotangulia. Lakini safari hii, kwenye kingo za moja ya vitu hivyo, kulikuwa na nyuzi nyembamba kama mijeledi. Nyuzi hizo zilikuwa zinacheza kwa nguvu, zinapiga chembe nyekundu za jirani na kuzisukuma huku na huko.

Kitu kisicho na uhai hakijisogezi hivyo. Laveran alielewa kwamba alichokuwa anakitazama ni kiumbe, mnyama mdogo wa chembe moja, anayeishi ndani ya damu ya mtu. Chembe nyeusi zilizowasumbua madaktari kwa miaka mingi zilikuwa ni mabaki ya chakula chake: kijidudu kinakula ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuacha uchafu huo mweusi.

Leo inajulikana kwa nini alifaulu pale ambapo wengine walikosa. Nyuzi zile hazionekani ndani ya damu inayotembea mwilini. Zinatoka dakika chache baada ya damu kutolewa na kupoa kidogo. Mtu aliyekausha tone lake haraka aliua kijidudu kabla hakijasogea. Mtu aliyeangalia kidogo na kuondoka hakuona kitu. Laveran alibaki ameinama juu ya kioo chake. Na jambo aliloliona, bila yeye kujua, ndilo linalotokea ndani ya tumbo la mbu baada ya kunywa damu ya mgonjwa.

Hakutosheka na mgonjwa mmoja. Aliendelea kuchunguza wagonjwa 192, na katika damu ya 148 kati yao alivikuta vijidudu hivyo. Aliona pia kwamba mgonjwa akipewa kinini, vijidudu vinapotea ndani ya damu yake. Kwa hiyo sababu ya kinini kuponya ikajulikana: ilikuwa inaua kitu fulani, na kitu hicho sasa kilikuwa kinaonekana.

Hawakumwamini

Laveran alituma habari hiyo kwa chuo cha wataalamu wa udaktari mjini Paris, na ikasomwa huko kabla ya mwaka wa 1880 kuisha. Hakushangiliwa. Wengi walitia shaka, na wengine walinyamaza tu.

Sababu zilikuwa nyingi. Wakati huo Louis Pasteur huko Ufaransa na Robert Koch huko Ujerumani walikuwa wanaonyesha kwamba bakteria ndizo zinazoleta magonjwa, na kila mtu alitafuta bakteria. Mwaka mmoja tu kabla, wataalamu wawili, Klebs na Tommasi-Crudeli, walikuwa wametangaza kwamba wamepata bakteria ya malaria ndani ya udongo wa mabwawa karibu na Roma. Walikuwa na majina makubwa. Na sasa daktari mmoja wa jeshi, kutoka hospitali ya mbali ya Algeria, alikuja kusema kwamba si bakteria, ni mnyama, na kwamba haishi ndani ya udongo bali ndani ya chembe za damu.

Mwaka wa 1882 Laveran alifunga safari hadi Roma. Alitaka kujua kama malaria ya Italia ni ileile ya Algeria. Ndani ya hospitali ya Santo Spirito aliangalia damu ya wagonjwa, akakuta vijidudu vilevile. Aliwaonyesha madaktari wa huko. Wao walifikiri ni chembe nyekundu zilizoharibika tu. Alirudi bila kuwashawishi, lakini pia bila kuacha msimamo wake.

Ukweli ulifika polepole. Mwaka wa 1884 Pasteur mwenyewe alitazama ndani ya mikroskopi ya Laveran kwenye Val-de-Grâce na akakubali. Madaktari wa Italia, Marchiafava na Celli, walianza kuviona vijidudu vikisogea, nao wakabadilisha mawazo. Kisha Mwitaliano mwingine, Camillo Golgi, akaonyesha kwa nini homa inakuja na kuondoka: vijidudu vinaongezeka ndani ya chembe nyekundu, kisha vinazipasua zote kwa wakati mmoja, na saa hiyo ndipo mgonjwa anaanza kutetemeka. Kabla ya mwaka wa 1890, madai ya bakteria ya malaria yalikuwa yameanguka.

Swali la mbu

Swali moja lilibaki: kijidudu hicho kinaingiaje mwilini? Laveran alikitafuta ndani ya maji ya mabwawa, ndani ya udongo na ndani ya hewa. Hakukipata mahali popote. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1884 kuhusu homa za mabwawa, alitoa wazo kwamba labda mbu wanahusika. Lakini hakuweza kulithibitisha.

Aliyelithibitisha alikuwa daktari mwingine wa jeshi, Mwingereza Ronald Ross, aliyekuwa anatumika India. Akiongozwa kwa barua na daktari Patrick Manson wa London, Ross alipasua mbu mmoja baada ya mwingine. Tarehe 20 mwezi wa 8 mwaka wa 1897 aliona alama za kijidudu ndani ya tumbo la mbu aliyekuwa amekunywa damu ya mgonjwa. Mwaka wa 1898 alionyesha safari nzima ya kijidudu kwa ndege, na Giovanni Battista Grassi pamoja na wenzake wa Italia wakaonyesha vilevile kwa binadamu. Ross huyohuyo ndiye aliyeleta baadaye kipimo cha tone nene la damu, ambacho labo za Bukavu zinakitumia hadi sasa.

Cheo au kazi

Jeshi la Ufaransa lilifanya nini na mtu aliyegundua chanzo cha malaria? Kwa miaka kumi, kuanzia 1884, lilimpa nafasi ya kufundisha usafi wa jeshi kwenye Val-de-Grâce. Muda huo ulipoisha mwaka wa 1894, lilimpeleka kuongoza hospitali ya jeshi ya Lille, kisha kusimamia huduma za afya za kikosi cha jeshi cha 11 huko Nantes. Zilikuwa kazi za ofisi. Kulikuwa na barua za kutia sahihi na ripoti za kusoma, lakini hakukuwa na labo, wala wagonjwa wa kuchunguza.

Kwa afisa mwingine yeyote, hayo yangekuwa maendeleo. Laveran aliona ni kinyume chake. Alikuwa na zaidi ya miaka 50, alikuwa amevaa nguo za jeshi tangu ujana wake, kama baba yake alivyofanya. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka wa 1896, aliomba kuacha jeshi. Alikwenda kuomba nafasi kwenye taasisi ya Pasteur mjini Paris, na akapokelewa kwa cheo cha heshima. Alipata chumba, meza na mikroskopi. Hapo alibaki hadi mwisho wa maisha yake.

Miaka hiyo ya pili ilizaa matunda mengi. Ikiwa kijidudu cha chembe moja kinaweza kuleta malaria, kinaweza kuleta magonjwa mengine pia. Laveran alichunguza hasa vijidudu vinavyoitwa tripanosoma, ambavyo kimoja wapo kinaleta ugonjwa wa usingizi kwa watu. Mwaka wa 1904, yeye na mwenzake Félix Mesnil walitoa kitabu kikubwa juu ya vijidudu hivyo na magonjwa yake.

Wakati huohuo ugonjwa wa usingizi ulikuwa unaua watu wengi Uganda, kandokando ya ziwa Tanganyika na sehemu kubwa ya Kongo, ambako utawala wa mfalme Leopold II ulikuwa unawalazimisha watu kubeba mizigo na kutafuta mpira mbali na vijiji vyao. Daktari Joseph Everett Dutton, Mwingereza aliyekuwa amekipa jina kijidudu cha ugonjwa huo, alikufia Kasongo, katika Maniema ya leo, mwaka wa 1905, akiwa katika uchunguzi. Alikuwa bado kijana. Magonjwa ambayo Laveran aliyachunguza Paris juu ya kioo yalikuwa yanamaliza vijiji huku.

Jambo hilo lina upande wake mwingine, na haifai kulificha. Askari ambao Laveran aliwatibu Constantine walikuwa ni wa jeshi lililokuwa limewashinda Waalgeria na kuchukua ardhi yao. Serikali za Ulaya zilitaka kushinda malaria kwanza ili askari, wafanyabiashara na watumishi wao waweze kuishi Afrika bila kufa. Mwafrika aliyeteseka na homa hiyo tangu vizazi vingi hakuwa wa kwanza kwenye orodha yao. Lakini ujuzi ukishapatikana haubaki mikononi mwa jeshi moja, na leo watoto wengi wanaopimwa kwa njia iliyoanzia Constantine ni watoto wa Afrika.

Zawadi na mwisho wake

Mwaka wa 1907 Laveran alipewa zawadi ya Nobel ya udaktari kwa kazi yake juu ya vijidudu vya chembe moja na magonjwa vinayoleta. Ross alikuwa ameipata miaka mitano kabla yake, mwaka wa 1902, ingawa bila kijidudu cha Laveran asingejua atafute nini ndani ya mbu. Laveran alichukua nusu ya pesa za zawadi hiyo, akazitoa ili taasisi ya Pasteur ifungue labo ya magonjwa ya nchi za joto. Mwaka wa 1908 alianzisha chama cha wataalamu wa magonjwa hayo, akakiongoza kwa miaka 12.

Alikuwa ameoa mwaka wa 1885, mke wake akiitwa Sophie Marie Pidancet. Hawakupata watoto. Vita vikuu vya kwanza vilipoanza mwaka wa 1914, mzee huyo aliyekuwa ameacha jeshi alirudi kutoa shauri juu ya afya ya askari, wakati malaria ilikuwa inaangusha majeshi ya Ufaransa na Uingereza huko Makedonia. Alikufa mjini Paris akiwa karibu kutimiza miaka 77.

Kutoka Constantine hadi Bukavu

Laveran hakufika Kivu. Mwaka wa 1880, alipomuona mdudu wake, mji wa Bukavu ulikuwa bado haujajengwa. Lakini mambo mengi ya kazi yake yapo hapa. Mti wa kinkina ulipandwa kwenye milima ya Kivu, na kiwanda cha Pharmakina, ambacho wakaaji wote wa mji wanakijua, kimetengeneza kinini kutokana na maganda yake. Kinini hiyo ni ileile ambayo Laveran aliona inafuta vijidudu ndani ya damu ya askari wake.

Ugonjwa wenyewe haujaisha. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni nchi ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa idadi ya wagonjwa wa malaria. Bukavu iko juu, kwenye mita karibu 1,500, na baridi yake inapunguza nguvu ya mbu na ya kijidudu. Lakini wakaaji wake wanasafiri kila siku kwenda Uvira, Kamituga, Shabunda na Fizi, na wengi wanarudi na homa. Wengine walikimbia vita na wanalala mahali pasipo na chandarua.

Kuna jambo moja ambalo maisha ya daktari huyu yanaliacha mikononi mwa kila mgonjwa. Kabla yake, homa ilitibiwa kwa kukisia. Mtu akitetemeka alipewa kinini, akipona ilisemwa ni malaria, akifa ilisemwa ni kitu kingine. Hadi leo mtu anaweza kuingia katika famasi, akaeleza kwamba mwili unawaka, akatoka na vidonge bila mtu yeyote kuangalia damu yake. Wakati mwingine homa hiyo ni tifoidi, au ni ugonjwa wa mapafu kwa mtoto, na siku zinazopotea ndizo zinazoua. Wakati mwingine ni malaria kweli, lakini dozi iliyonunuliwa haikamiliki.

Laveran alikuwa na sababu zote za kukisia kama wengine. Alikuwa mbali, vyombo vyake vilikuwa vichache, wakubwa wake hawakumuomba atafute kitu, na dawa ilikuwa tayari ndani ya kabati. Alichoma kidole cha mgonjwa, akaangalia. Ndiyo kazi ambayo watu wa labo wa Kadutu, Bagira na Panzi wanaifanya upya kila asubuhi, na dakika chache ambazo mgonjwa anazitumia kukaa kwenye benchi akingoja karatasi yake hazipotei bure.